Dakika Thelathini na Moja Kwenda Ukweni

Mwaka 1996 hapakuwa na mtu Kibondo aliyemshinda Pasikali kwa hesabu. Na kama alikuwepo, Pasikali hakuwahi kumwacha amalize kuongea. Alikuwa karani wa redio katika shirika moja la misaada, na Jumamosi alitakiwa Kasulu kujitambulisha kwa wazazi wa Ange, mchumba wake. Saady, mfanyabiashara wa maharage, akampa nafasi kwenye lori lake la Ijumaa.

"Lori?" Pasikali alicheka. Akatandaza ramani ya ofisi, akaweka rula kutoka kiwanja cha ndege cha Kibondo hadi cha Kasulu. "Kilomita mia na thelathini. Ndege ya ofisi inakwenda mia mbili na hamsini kwa saa. Dakika thelathini na moja, bwana! Nenda kale vumbi lako."

Msomi wetu akaandika barua, Saady akaipeleka: mkwe atatua saa tatu kamili asubuhi.

Hesabu ilikuwa safi. Vilivyosahaulika ni vitu vidogo tu: kwamba bosi hasafiri mpaka amalize chai, kwamba mizigo hupimwa upya kila akiongezeka mgeni, na kwamba rubani naye ana tumbo la kuendesha. Ndege iliruka saa tano na nusu. Dakika thelathini na moja baadaye, bila kuzidi hata moja, Kasulu ikaonekana chini, na Pasikali akajipongeza kwa sauti.

Lakini kiwanja kilikuwa cheupe. Ndege ilikuja mara moja kwa wiki na jua liliwaka kila siku, kwa hiyo kina mama walianika udaga wa mihogo palepale, wakiuanua siku ya ndege. Leo walisubiri tangu saa mbili. Saa nne mama yake Ange, aliyeiamini ile barua ya mkwe, akaona haji tena, akawa wa kwanza kuanika tena mihogo yake.

Rubani alizunguka mara tatu. Mama alisimama katikati ya udaga wake na kitenge cha sherehe, hakubanduka. Ndege ikageuza kurudi Kibondo. Pasikali alilia, akasingizia upepo, ndani ya ndege iliyofungwa madirisha yote.

Jumapili jioni Saady alirudi na barua ya Ange.

"Mama anauliza, mkwe gani anamzunguka mtu kichwani mara tatu kama mwewe, halafu anaondoka bila salamu? Baba ameapa hataki mkwe wa angani. Uje kwa miguu, ufike Jumatano, la sivyo Alhamisi anapokea posa ya Reverien. Nimekupigia hesabu, mpenzi. Kwa miguu ni siku nne. Kimbia."

"Utalala wapi njiani?" Saady alimuuliza.

"Sijui," alisema Pasikali, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akashika njia.