Maji ya Njano Bandani

Mama Pacha aliinama kumwaga chakula, akaona maji ya kuku yamegeuka njano. Akachovya kidole, akanusa. Hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Antibayotiki ile aliijua vizuri kuliko manukato yake.

Asubuhi hiyohiyo daktari wa mifugo, binti mmoja asiye na maneno mengi, alikuwa amewadunga kuku wote shingoni chanjo ya homa ya matumbo. Ugonjwa huo ulikuwa ukilifagia banda kila mwaka: kishungi kinapauka, kinafuata kinyesi cha kijani, halafu mzoga. Kabla hajaondoka aliwaambia mume na mke, "Chanjo hii ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mkiwapa kuku antibayotiki sasa, mtaviua na kazi yote itakuwa bure. Maji matupu, basi." Baba Pacha akaitikia kwa kichwa kama mtoto mtiifu.

"Baba Pacha!"

Akatokea nyuma ya banda akijifuta mikono kwenye suruali. "Kuna nini tena?"

"Umetia nini kwenye maji?"

"Kidogo tu. Chanjo na dawa pamoja, si ndiyo kinga kamili?"

"Daktari alisema nini?"

"Yule bado mdogo. Mimi nimeanza kufuga yeye akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu."

Damu ikamchemka Mama Pacha. Akanyanyua chombo cha maji, akakimwaga chote miguuni pa mumewe.

"Na mama yako je?"

Mama mkwe alikuwa ndani, mguu umefungwa bandeji. Hospitali walimpa dawa moja, kidonda kikazidi kuchimbika. Wakampa nyingine, vilevile. Wakasema vijidudu vimeshazizoea dawa. Aliyekuwa akimgeuza na kumwosha ni Mama Pacha.

"Usimwingize mama yangu kwenye mambo ya kuku!"

"Namwingiza! Sisemi ugonjwa kaupata kwa kuku. Nasema ulisimama pale kitandani, ukaambiwa dawa zinazoeleka kwa kutumiwa ovyo, halafu umekuja kuwamiminia kuku wazima! Wazima, Baba Pacha! Hata wa kupiga chafya hayupo!"

Mume akatazama viatu vyake vilivyolowa. "Niliogopa," akasema. "Kila nikiingia humu naliona lile shimo tulimowafukia wa mwaka jana."

Shimo lile Mama Pacha alilichimba naye. Uoga ule alikuwa nao yeye pia, tena ule ule. Lakini kuuelewa hakukumpoza, kulimzidishia hasira, maana sasa hata kumwita mpumbavu asingeweza.

"Basi tusimwambie daktari," Baba Pacha akanong'ona. "Tungoje tuone."

Lo! Mama Pacha akatoa simu, akampigia daktari, akaweka spika na kumsogezea mumewe mdomoni. "Sema mwenyewe."

Akasema, kwa kigugumizi. Upande wa pili daktari akashusha pumzi. "Chanjo ya leo ihesabuni imekufa. Tusubiri dawa iwatoke mwilini, nirudie. Na mayai ya siku hizo msile wala msiuze."

Kabla siku hizo hazijaisha, homa ikabisha hodi. Kuku wa kona ya mlangoni wakaanza kuinamisha vichwa. Daktari akaja, akawatenga na kuwachinja wagonjwa ili wasiambukize wengine. Baba Pacha akachimba shimo jipya peke yake. Mkewe alisimama pembeni, mikono kiunoni, hakugusa jembe.

Chanjo iliporudiwa, Baba Pacha ndiye aliyewashika kuku, akaparuliwa mpaka viwikoni. Kwa muda wote huo Mama Pacha alimpa maneno mawili tu: "shika" na "lete."

Safari hii chanjo ikashika. Mwaka uliofuata homa ilipita mabanda ya jirani ikivuna, kwao ikaambulia kuku wachache tu, na maji yakabaki meupe.

Jioni moja Mama Pacha alikuwa akianua nguo, akamsikia mumewe akimhutubia jirani uani. "Sisi hatuna mambo ya kumimina dawa ovyo. Tunachanja! Tena mimi nilimwambia mke wangu tangu mwanzo..."

Mama Pacha akalivuta shati la mumewe kwenye kamba kwa nguvu, vibanio vikaruka hadi kwa jirani.