Helmeti ya Mgeni

Barua pepe ya kampuni ya umeme wa upepo iliingia Jumatatu saa mbili asubuhi, na Raelene Grech akaisoma amesimama mbele ya friji, kijiko cha kahawa mkononi. Ilikuwa na maneno matamu. Ilimshukuru kwa subira yake. Ilimweleza kwamba bandari ya kuunganishia mitambo haijapata kibali, kwamba minara ya kwanza baharini itachelewa miaka minne, na kwamba kwa hiyo darasa la mafundi lililokuwa lianze mwezi ujao halitakuwapo. Mwishoni wakamtakia siku njema.

"Siku njema gani?" Raelene aliiuliza friji.

Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku, kilining'inia cheti chake cha kujiokoa baharini. Alikuwa amekitafuta kwa jasho. Akiwa na miaka hamsini na moja alifungwa mikanda ndani ya kibanda cha helikopta ya bandia, akatumbukizwa bwawani, akapinduliwa kichwa chini miguu juu mara nne, mpaka akamtapikia mwalimu miguuni. Cheti hicho huishi miaka miwili. Kilibakiza siku tisa kufa, na katika miaka yote miwili hakuna aliyesimika hata mlingoti mmoja. Kilichokuwa baharini ni boya moja la manjano la kupimia upepo, utadhani kuna mtu aliyekuwa na shaka nao. Kule ufukwe wa Maili Tisini upepo uliwahi kumvunjia bawaba ya mlango wa gari. Upepo haukuwa na tatizo lolote. Upepo ulifika kazini kila siku. Waliokuwa hawafiki ni watu.

Kilichomkera zaidi ni helmeti yake. Katika kituo cha umeme cha makaa ya mawe alikofanya kazi miaka thelathini na moja, mtu anayeacha kazi huandika jina lake na mwaka kwenye helmeti, wenzake humgongea vikombe mezani, naye huitundika kwenye ukuta wa chumba cha chai. Ukishaitundika, basi. Haishuki tena. Hata wapaka rangi wakija, hupaka kuzizunguka. Raelene alitundika yake wiki mbili zilizopita, kando ya ile ya marehemu baba yake, Salvu. Kituo kilikuwa kifungwe mwezi wa sita, naye aliondoka mapema ili awahi darasa la upepo. Alijiona mjanja kweli.

Tena kulikuwa na ahadi. Baba yake alivuta vumbi la asbesto lililofunika mabomba ya mvuke, na mama yake, Guza, alikung'uta na kufua ovaroli zake miaka ishirini na sita, akapata fungu lake la vumbi bila kulipwa hata mshahara wa siku moja. Baba alikufa. Mama, sasa ana miaka themanini na moja, alikaa sebuleni na mrija puani, mashine ya hewa ikivuma pembeni mwa kiti. Siku ya mazishi Raelene alimwahidi mama kwamba atatoka pale kituoni kwa miguu yake mwenyewe na hatarudi.

"Nani kakuudhi?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Bandari, mama."

"Bandari ina ubaya gani?"

"Haipo. Huo ndio ubaya wake."

Kabla hajamaliza kahawa, mlango ukagongwa. Alikuwa Wim Postma, kiongozi wa zamu, mrefu kama ngazi, na mfuko wa dukani mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Wim. Mbona umezeeka hivyo?"

"Ni huyu binti yako, alitukimbia." Akaketi, mfuko akauweka katikati ya miguu. "Rae, boila ya pili imezimika tangu juzi. Imepoa kabisa. Alhamisi joto litafika digrii arobaini na mbili, bonde zima litawasha viyoyozi."

"Iwasheni basi."

"Nani aiwashe? Mlioweza kuiwasha ikiwa baridi mlikuwa watatu. Mmoja kahamia kaskazini, mwingine kapasuliwa mgongo. Vijana wanaijulia kwenye kompyuta tu."

"Si mnafunga mwezi wa sita? Iacheni hivyo hivyo, tumalizane."

Wim akatazama zulia. "Hatufungi. Tumeombwa tuendelee miaka minne. Wanasema upepo hauko tayari."

Raelene alicheka, na kilikuwa kicheko kibaya. "Upepo hauko tayari! Wim, wewe mtu mzima, hebu sikia unavyosema. Wa bandari watasema haraka ya nini, si makaa yanawaka? Nyinyi mtasema tufanyeje, upepo bado. Mtarushiana mpira huo mpaka nife. Mimi nilimaliza sehemu yangu! Nilipinduliwa majini kama samaki kwenye kikaango!"

"Najua, Rae."

"Hujui kitu!"

"Sawa, sijui. Ila nilitaka nikupunguzie kazi kidogo." Akauinua mfuko na kuutia mkono. Akatoa helmeti ya njano iliyoandikwa kwa wino mweusi: R. GRECH, na mwaka.

Raelene akaketi, akalisoma jina lake.

"Umeishusha," Raelene akasema.

"Nilidhani hutapenda kuishusha mwenyewe mbele za watu."

"Mbele ya nani uliishusha?"

"Zamu yote."

"Wakakuacha?"

"Waliacha chai yao wakatoka."

Raelene akasimama. Miaka yote ile hakuwahi kuigusa helmeti ya baba yake, hata kuifuta vumbi, na huyu kaibeba yake kwenye mfuko kama viazi. Alitaka kumtupia kikombe. Lililomwuma ni kwamba Wim alikuwa amedhamiria wema, ilionekana usoni mwake, na mtu aliyedhamiria wema hakuachii hata pa kushika umgombeze.

"Wim," mama akasema, "umekosa adabu."

"Nimekosa, mama."

"Nawe Raelene. Hii mashine yangu inatumia nini?"

"Umeme, mama."

"Unatoka wapi?"

Alijua unatoka wapi. Alikuwa ameupeleka mwenyewe miaka thelathini na moja.

"Alhamisi ukikatika nitavuta nini, karatasi za bandari?" Mama akakohoa, kikohozi kirefu, wote wawili wakangoja kiishe. "Ahadi yako nimekusamehe. Kawashe hilo dude. Lakini hicho kitu kirudi ukutani, unasikia? Hurudi kazini wewe. Unaenda kuwasha tu."

Njiani Raelene aliipakata helmeti. Chumba cha chai kiko kabla ya lango la ndani, lile la kuingilia kwenye maboila. Watu sita walikuwa mezani. Akapita katikati yao, akautafuta msumari wake kando ya ule wa Salvu, akaitundika, akaisogeza mpaka ikakaa sawa. Hakuna aliyegonga kikombe.

Kwenye lango la ndani mlinzi alikuwa Oriel, aliyemfahamu tangu walipokuwa wasichana.

"Rae! Pita, pita."

"Nipe helmeti ya mgeni."

"Acha utani. Wewe mgeni hapa?"

"Nipe, Oriel."

Oriel akatoa moja nyeupe, MGENI kwa herufi nyekundu, akalisukuma mbele lile daftari kubwa jeusi la wageni. Raelene akaandika jina lake. Anakuja kumwona nani: boila ya pili. Sababu ya kuja: kungoja upepo. Oriel aliyasoma maneno hayo yakiwa kichwa chini kwake, akaangua kicheko.

"Na hapa, dada. Muda wa kutoka. Lazima ujaze, la sivyo watanigombeza mimi."

Raelene akafikiri kidogo. Akahesabu vidole vinne, akaandika mwaka.

Oriel akautazama ule mwaka. Kicheko kikamwishia, akapiga muhuri. Raelene akaivaa ile helmeti nyeupe, iliyompwaya mpaka kwenye nyusi, akapanda ngazi kwenda kuwasha makaa.