Mahindi ya Ma-touches

— Apana, patron! Ile haiko recyclage, ile iko kutupa! Ma-ordinateur makumi ine, mu shamba ya mama yangu!

— Liévin, usinipandishie sauti mu bureau yangu! Patron Kasonde naye alikuwa analalamika na nguvu. Unaona certificat ku ukuta? Zéro déchet, takataka hata moya. Sisi tuko bureau vert, bureau ya kulinda mazingira. Kwisha.

Ilikuwa agence ya kupitisha makamio ya mizigo ku mupaka ya Kasumbalesa. Liévin njo alikuwa anatengenezanga mashini pale. Mwaka ilipita alisema: tubadilishe tu ma-batterie, hii mashini ingali muzima. Patron alikatala. Client ya Ulaya alikuwa anataka bureau vert, na bureau vert ni mashini ya mupya. Ya zamani bakapakiza mu pick-up, chauffeur akaenda kuizika ku Kasungami, mu shamba ya Mama Albertine, mama ya Liévin, sababu kule barabara ya goudron inaisha na hakuna muntu wa kuuliza.

Mvua ilinyesha, mama akapanda. Mahindi iliota muzuri sana. Wakati ilikomaa, kila mbegu ilikuwa touche ya clavier, ile ya kufinya kwa kuandika ku ordinateur, nyeusi, na lettre yake juu. Mama alipika ya kwanza tangu asubui mpaka saa saba, ikakatala kuiva. Ku moulin, Bijou mwenye kusaga alichungulia mu ngunia moya tu.

— Mama, ya ma-ordinateur hatusagi, inaharibu jiwe. Jana tulirudisha ya jirani yako Mukuka. Yake ilikuwa ma-chiffres tupu, namba bila lettre.

Ngunia munane, hata sahani moya ya bukari, ya ugali, hakuna. Na mwezi ya kupanda ilikuwa inarudi.

Liévin aliweka mahindi tatu juu ya meza ya patron.

— Nipe pick-up leo, tufukule ile mashini. Mama atakula nini mwaka inakuya?

Patron akakamata hindi moya, akaitoa maganda, akafinya mbegu ya P. Ku écran ya ordinateur yake ya mupya P ikaonekana. Akafinya tena. PP.

— Inaandika, alisema. Virginie!

Secrétaire akakuya, akajaribu naye, vidole mbio-mbio.

— Iko muzuri, patron. Lakini lettre é haiko.

— Tutaandika vile-vile. Leta vase ya maua. Kesho client anakuya kuangalia, tutaweka hii pale chini ya certificat.

— Patron, na ile shamba? Liévin aliuliza.

— Shamba gani? Kwa karatasi, mule hamuna kitu. Naweza kufukula kitu yenye haiko? Ambia mama alete ngunia yenye ilibakia, tutaweka na ku réception.

Virginie alikuwa anatia mayi mu vase. Liévin akarudisha mahindi mbili mu sachet yake, ile ya tatu akaiacha, sababu patron alikuwa angali anaandika nayo. Akatoka, akafunga mulango.