Dakika Ishirini na Sita

Mwanamkasi alikuwa akichambua mchele dukani kwa mumewe, Kitui mjini, Mbuvi karani wa boma alipokuja na habari iliyopokelewa kwa redio ya serikali. Faki, mdogo wake Mwanamkasi aliyekaa Makueni, alikuwa ameomba dada yake aarifiwe kwamba mama yao amefariki alfajiri. Mwanamkasi hakupiga yowe. Aliuliza sasa ni saa ngapi. Saa mbili, Mbuvi akasema.

Tangu Mwanamkasi aolewe, kila walipoagana mama alimwambia neno moja tu, kwamba siku yake ikifika asioshwe na mkono wa mtu mwingine. Mwanamkasi alikuwa ameahidi. Lakini mvua ya mwaka ule wa hamsini na moja ilikuwa imeufurisha Mto Athi, malori yakizungukia Machakos, maili mia na zaidi za matope, siku moja na nusu ukijaliwa. Na maiti ya Kiislamu haingoji lori.

"Iko ndege," Mbuvi akasema. "Inapeleka dawa ya ng'ombe Makueni saa hii. Mzungu anayeirusha si mbaya. Nitamwambia."

Mzungu hakuwa mbaya, ila alikuwa mtu wa vipimo. Pale kiwanjani, mbuzi walipokwisha kufukuzwa, alimsimamisha Mwanamkasi kwenye mizani ya kupimia ngozi, buibui na vyote, mbele ya wanaume saba. Ratili mia na thelathini. Siku nyingine angekufa kwa aibu. Siku hiyo alishukuru tu kwamba hazikuzidi. Akapanda na kifurushi chake cha ubani na karafuu maiti, akaketi juu ya sanduku la dawa. Ni maili arubaini na tano tu kwa juu, Mbuvi alimwambia. Hata nusu saa haitafika.

Wahenga walisema kawia ufike. Wahenga hawakupanda ndege. Mwanamkasi, aliyekuwa akiogopa hata ngazi, alijikuta na furaha, akaionea haya furaha ile. Angewahi. Mto Athi ulipita chini, mwekundu, hauna la kumfanya. Kisha yakaja mashamba mapya, mabati ya maduka, na pembeni watu wachache wenye kanzu nyeupe, wadogo kama punje za ule mchele, wamezunguka shimo. Mmoja aliinua uso. Wanachimba kisima, Mwanamkasi akawaza, akawaombea wapate maji.

Dakika ishirini na sita. Kutoka kiwanjani alikwenda mbio mbio robo saa, mikono ya gauni ameshaikunja. Alimkuta Faki mlangoni akinawa udongo vidoleni.

Faki alimtazama kama aliyeona jini, kisha akaanza kueleza, na maelezo yake hayakuwa na kasoro. Njia alikuwa ameipigia hesabu vizuri: mto, Machakos, matope, dada hafiki kabla ya kesho jioni. Ya nini kumchelewesha mama? Mkewe Faki ndiye aliyemwosha. Wangejua, wangengoja hadi adhuhuri.

"Mmezika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, dada. Tulikuwa tunatia udongo, ndege ikatupita vichwani. Nikaitazama mpaka ikashuka."

"Nilikuona," Mwanamkasi akasema.

Akateremsha mikono ya gauni, wa kulia, kisha wa kushoto. Akaingia ndani, akamwuliza wifi yake kama maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mama hakupenda maji baridi.