Kiti cha Nyuma Kabisa

Tangu asubuhi Nukta hakuwa ameziweka chini funguo za lile gari jipya, hata wakati wa kunywa chai. Miaka tisa alikuwa akihariri makala za magari za watu wengine, hana mwajiri, ofisi yake ni meza iliyopakana na jiko. Aliwanyoosha waandishi sentensi, akawapunguzia chumvi, akawawekea nukta walipoishiwa pumzi, na jina likamganda. Sasa zamu ilikuwa yake. Mhariri mkuu wa jarida alikuwa amempa gari la viti saba kwa siku tatu, aandike yeye makala ya jalada. Ikipendeza, ukurasa wa majaribio ya magari ungekuwa wake kila mwezi. Na alishaituma! Jarida lilikuwa linakwenda kiwandani kuchapwa saa kumi, na moyo wake ulikuwa umekwenda kabla yake.

Saa nane na nusu akaona hawezi kulirudisha gari kwa wenyewe kabla mama yake hajalipanda. Akasimama mlangoni kwao na kupiga honi mpaka majirani wakachungulia.

"Kumbe wanakupa na gari lenyewe!" mama akasema, akiingia na kukipapasa kiti cha mbele. "Mimi nilidhani unasoma habari zake tu."

Mjomba naye akatoka, yule kaka wa mama ambaye kwa urefu wake nyumba nzima ilimwita Mlingoti. Nukta, kichwa kimeshavimba, akamfungulia mlango wa nyuma.

"Kaa kule mwisho kabisa, mjomba. Nimeandika kwamba mtu mzima anakaa humo raha mustarehe."

Mjomba akaingia kwa awamu: kichwa, bega, halafu mguu mmoja mmoja. Alipomaliza, magoti yalikuwa jirani na masikio na shingo imelala upande kwa kubanwa na paa.

"Umeandika mtu mzima gani?" akauliza kutoka huko.

"Nilikaa mimi mwenyewe. Na karatasi ya maelezo ya kampuni iliyoliunda inasema hivyohivyo."

Mama akageuka. "Wewe, mwanangu? Wewe hata kabatini unaenea!"

Mjomba akacheka kwa taabu. Nukta hakucheka. Alimkumbuka mwandishi mmoja, mrefu kama mjomba, aliyelalamikia viti vya nyuma katika kila makala. Kila mara Nukta alimfutia, akiandika pembeni: hailingani na karatasi ya kampuni. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Makala ikigombana na karatasi, karatasi inashinda, na hakuna aliyewahi kumtaka afungue mlango wa gari lolote. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Wakaanza kumtoa mjomba. Hakuna marefu yasiyo na ncha, walisema wahenga, ila miguu ile ilichukua muda kufika nchani. Saa tisa ikagonga. Akinyamaza, ukurasa ni wake. Akisema, ataonekana amedanganya kwenye makala yake ya kwanza tu.

"Na mtu akilinunua kwa sababu yako?" mama akauliza, bila ukali.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nukta akapiga simu.

"Nukta!" mhariri akasema. "Makala yako safi, sijagusa hata mkato mmoja."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi. Akaeleza yote kwa pumzi moja.

"Jalada linasema 'Raha kwa Wote Saba,'" mhariri akasema polepole.

"Si kweli. Raha ni ya watano, na watoto wawili. Mjomba wangu amekaa nyuma kabisa, tumemtoa mimi na mama kwa kumvuta."

Nukta akafumba macho kusubiri kunyimwa ukurasa.

"Hebu rudia hiyo ya mjomba."

Akarudia. Akasikia vidole vikigonga kompyuta upande wa pili.

"Unajua hii ndiyo sentensi yako ya kwanza?" mhariri akasema. "Zile nyingine zote nilishazisoma kwenye karatasi ya kampuni. Nilikuwa nimeshasema basi, huyu ni wa kuhariri tu, ukurasa nitampa mwingine. Jalada nitalibadilisha mimi. Una dakika hamsini, andika upya makala nzima namna hiyo."

Nukta alitaka kupiga kelele, na akapiga, mama akaruka. Akachomoa kompyuta mkobani, akaifungua juu ya boneti.

"Rudini garini, wote wawili, viti vya katikati. Niambieni mnachosikia mwilini. Msinionee haya!"

"Huu mkanda unaninyonga," mama akasema kabla mlango haujafungwa.

Nukta akaandika.