Mzigo wa Mwisho Kushuka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye mlango wa tatu wa ghala, wapakiaji wanne walikuwa wanakiingiza kiti cha daktari wa meno ndani ya lori namba kumi na nne. Kiti kilikuwa kimeviringishiwa mablanketi na kufungwa kamba kiunoni, na mpakiaji mmoja alikuwa anakiomba radhi kila kilipogonga ukuta. Dereva alisimama pembeni na hati zake, akihakiki: kioo kimoja kikubwa, maboksi arobaini ya madaftari ya shule, pampu ya maji, milango mitatu, kiti. Wenzake walimwita Kope, kwa sababu kope zake zilivimba mwaka wa kwanza wa kazi na hazikurudi tena zilivyokuwa.

Kampuni yao ilibeba mizigo ya watu wasio na mzigo wa kujaza lori zima. Huyu ana pampu, yule ana milango, kila mmoja amechukua nafasi yake tu, na vitu vyote vinasafiri pamoja bila wenyewe kujuana. Kanuni ya kupakia haina mjadala. Cha kushuka mwisho kinaingia kwanza, kinakaa mbele kabisa, nyuma ya mgongo wa dereva. Cha kushuka kwanza kinaingia mwisho, kinakaa mlangoni. Na lori halitembei na nafasi tupu. Unaposhusha kitu kituoni, kuna kingine kimesimama kinasubiri kupanda. Namba kumi na nne haikuwahi kuwa tupu tangu inunuliwe.

Kabla ya kuondoka alikuja msimamizi wa safari na daftari lake. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, hana roho mbaya, ila ana haraka. Alifungua ukurasa wa kesho, kesho yenyewe ikiwa bado haijafika, akaandika: Dereva amepumzika saa nane. Kope akasaini, kama kawaida. Safari ilikuwa ya saa thelathini mfululizo, na hata mtoto wa chekechea angekwambia kwamba hizo saa nane hazikuwa na mahali pa kukaa.

Mahali zilijitafutia zenyewe. Robota la kwanza lilitokea Jumanne moja, miezi mitatu nyuma, kati ya ukuta wa mbele na masanduku ya misumari. Lilikuwa la turubai la kijivu, limeshonwa kwa uzi mnene, kilo kumi na mbili kamili, na lilikuwa na joto kama kitanda kilichotoka kulaliwa na mtu. Hati ilikuwa imebandikwa vizuri. Mtumaji: daftari la safari. Mpokeaji: dereva, nyumbani kwake. Kilichomo: usingizi, saa nane. Mwandiko ulikuwa wa msimamizi, herufi kwa herufi, na alipoonyeshwa hakukana.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Ila mimi sikuandika."

Mkuu wa wapakiaji aliuliza jambo moja tu, kama linaweza kubebeshwa mzigo juu yake. Kope alilibonyeza. Likabonyea, kisha likajirudia taratibu, kama kifua.

"Juu yake usiweke kitu," alisema.

Baada ya hapo, saa nane zikiandikwa bila kulalwa, robota linakuja, kwenye lori lake na kwenye malori ya wenzake. Wapakiaji walizoea kuyakwepa. Mmoja aliegemea robota ili afunge kamba za viatu, akaamka kituo cha nne, kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa. Kwenye mizani ya barabara kuu, askari alimwambia Kope kwamba amezidi kilo mia saba na zaidi.

"Ni usingizi," Kope alisema.

"Wa nani?"

"Wangu."

"Mbona hujaulala?"

"Imeandikwa nimeulala."

Askari aliutafuta usingizi kwenye orodha ya bidhaa za hatari, hakuuona, akagonga muhuri.

Dereva wa namba tisa alikuwa Babu Gia, mzee mcheshi aliyezoea kusinzia kwenye benchi la ghala huku akitaja gia: "Tatu. Nne. Rudi tatu." Siku moja, saa sita mchana, jua la utosi, mahali barabara imenyooka kama rula, alitoka nje ya lami akaingia kwenye nguzo. Hakutoka mzima. Ripoti ya kampuni ilisema dereva alikuwa amepumzika saa nane. Ukurasa ulikuwepo na saini ilikuwepo. Mjane wake alikuja kuyadai marobota, akaambiwa alete nakala za hati. Hakuwa nazo. Babu Gia alikuwa akizifutia kioo cha mbele. Basi ikafuatwa kanuni ya ghala, kwamba mzigo usio na nakala ya hati, au usiopokelewa ndani ya siku tisini, ni mali ya kampuni, na marobota ya Babu Gia yakapandishwa ghorofani.

Kope aliyaona huko. Alipanda na karatasi za kusainiwa, akamkuta mkurugenzi, mtu aliyejulikana kwa kukosa usingizi miaka kumi, amejilaza juu ya robota nyuma ya meza yake, uso umelainika kama wa mtoto aliyenyonya akashiba. Hati ya Babu Gia ilikuwa bado imebandikwa ubavuni mwa lile robota.

"Tatu," mkurugenzi alisema usingizini. "Nne. Rudi tatu."

Kope alishuka ngazi kwa hasira. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akatoa nakala zake mfukoni mwa mlango. Zilikuwa sitini na mbili, na ya zamani kuliko zote ilikuwa na siku themanini na nane. Akaenda kwa msimamizi.

"Niwekee kituo cha nyumbani kwangu," alisema.

"Kaka, kwako hakuko njiani."

"Lori linapita kwenye kona ya kwetu kila safari. Kutoka pale ni mitaa miwili."

"Mzigo wako uko mbele kabisa. Ili uushushe, lazima lori liwe tupu. Lori likiwa tupu linapakiwa. Wewe umewahi kuliona tupu?"

"Sijawahi."

"Umeona sasa." Msimamizi alipiga miayo. Alikuwa amekalia kitu cha kijivu.

"Na hilo?" Kope aliuliza.

"La ukaguzi hili. Nitalirudisha."

Ndiyo maana asubuhi ile ya kiti cha daktari wa meno, siku ya themanini na tisa, Kope alikuwa mtulivu kuliko kawaida yake. Wateja hawakuwa wamemkosea kitu. Kiti alikifikisha bila mkwaruzo. Milango aliisimamisha penye kivuli isije ikapinda. Pampu, madaftari, vyote na vilivyopandishwa njiani, alivishusha kila kimoja mahali pake, akapata saini. Kesho yake adhuhuri, alipokuwa anakaribia ile nguzo ya Babu Gia, macho yalijifumba. Alijifinya paja, akaimba, akajitukana. Usingizi wake wote ulikuwa hatua mbili nyuma ya mgongo wake, umefungwa kamba, unapumua, na yeye mwenye mali anakatazwa kuugusa. Hasira ndiyo iliyomvusha pale, wala si ushujaa.

Kituo cha mwisho kilikuwa cha kioo. Kioo kilipotoka, alijiona humo akiwa amesimama mbele ya mlango wa lori lake, na nyuma yake hakuna kitu kingine ila marobota. Wapakiaji wa kituo walikuwa wameshasogeza matairi ya kupakiwa. Kope alifunga milango, akatia kufuli.

"Lina nafasi hilo," mkuu wao alisema.

"Halina."

"Kope, naona kwa macho yangu."

"Unachokiona ni mzigo. Una hati, una mpokeaji, na leo ni siku ya tisini."

Mkuu wa wapakiaji alitazama matairi, akatazama kufuli. "Msimamizi nimwambie nini?"

"Mwambie niko kazini."

Mtaa wao ulikuwa mwembamba. Majirani walianua nguo kambani ili lori lipite, wakazianika tena lilipopita. Mkewe, fundi cherehani, alitoka na futi shingoni. Aliyatazama marobota yakishushwa, akapapasa mshono wa la kwanza kwa kidole gumba.

"Aliyeshona hapa alikuwa na haraka," alisema. "Ni yako yote haya?"

"Yetu. Nahitaji saini yako."

Hakusaini. Kwanza alihesabu. Marobota yalijaa kitandani na uvunguni, yakapanda juu ya kabati, yakafika mpaka jikoni. Binti yao mdogo alikaa juu ya moja na kipande cha mkate mkononi, akalala hapohapo, mkate haukumponyoka. Mkewe alihesabu mara ya pili.

"Hati sitini na mbili. Marobota sitini na moja."

"Moja limekaliwa ofisini."

Mkewe alichukua kalamu, akasaini kila hati, zote isipokuwa moja. Kwenye hiyo, palipo na sehemu ya maoni ya mpokeaji, aliandika kwa herufi kubwa: PUNGUFU. Kisha akachukua mkasi wake wa kazi, akafumua robota la zamani kuliko yote. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kope alivua viatu, jambo ambalo binti yake hakuwahi kumwona akilifanya jua likiwa juu, akalala usingizi wa pono.

Siku ya tatu msimamizi alibisha hodi.

"Karibu, shemeji," mkewe alisema, amesimama katikati ya mlango. "Umelileta?"

"Nimeleta barua." Msimamizi aliifungua mwenyewe akaisoma. Kampuni ilisema kwamba, kwa mujibu wa daftari, dereva alishalala siku zote zile sitini na mbili. Kulala tena usingizi uleule ni utovu wa nidhamu. Kazi hana. Funguo arudishe.

"Akiamka nitampa."

"Ataamka lini?"

Mkewe aligeuka, akatazama ndani. "Yuko kwenye robota la nne."

Lakini Kope alikuwa ameshaamshwa na sauti. Alitoka peku, shavu lina mikunjo ya turubai, kope zake zimenywea kiasi kwamba msimamizi hakumtambua mara moja. Alimkabidhi funguo, akampita. Namba kumi na nne ilikuwa imeegeshwa palepale alipoiacha, na kwenye kiti cha dereva alishakaa mwanamke wa makamo mwenye miwani.

"Shikamoo, mwenye lori," mwanamke alisema kwa utani.

"Marahaba. Umeanza lini?"

"Juzi, na namba tisa ilipotoka gereji. Lilitokea robota moja jana. Nimeambiwa nihamie na mzigo wangu."

"Nakala unayo?"

Akajipigapiga kifuani, ndani ya blauzi.

"Kwenu pana barabara?"

"Ya vumbi. Ina mashimo."

"Lori linapita."

Msimamizi alikuwa ameliweka daftari juu ya boneti, akiandika ukurasa wa kesho. "Kope," alisema bila kuinua kichwa, "usimharibie mwenzio kazi."

"Kituo cha mwisho," Kope alimwambia yule mwanamke, "funga milango kabla hawajasogeza matairi. Na kufuli uwe nalo mkononi."

Mwanamke alipokea funguo na daftari dirishani, akasoma kwamba kesho amepumzika saa nane, akasaini. Kisha akashuka, akazunguka nyuma, akalijaribu kufuli mara mbili kama linafunga sawasawa. Akarudi, akawasha lori. Majirani wakaanua nguo tena.

Kope aliporudi mlangoni, mkewe alikuwa ameshika ile hati moja.

"Hajalirudisha," alisema.

"Basi usisaini," Kope alisema, akaingia ndani kulimalizia la nne.