Mkono Wenye Kovu

Mchungaji Ambrose Leverett alikuwa na mabunda mawili ya karatasi kwenye meza yake ya kuandikia. Siku alipotambua kwamba kifua hakitamwacha auone mwezi wa Machi, alimwita mkewe akamwambia achome moja.

"Lile la utepe mwekundu," alisema. "Lichomee hapa, mbele yangu, nione kwa macho yangu."

Thomasine alidhani ni homa inayosema. Bunda la utepe mwekundu lilikuwa lake. Ndani yake mlikuwa na mashairi yote aliyoandikiwa na mumewe tangu siku za uchumba mpaka mwaka wa saba wa ndoa, na dunia nzima hapakuwa na nakala nyingine. Bunda la utepe mweusi lilikuwa la Mungu. Hayo Ambrose aliyaandika baadaye, mlango umefungwa, na hakumsomea mkewe hata mstari.

Naye kujisomea hakuweza. Usimcheke, nusu ya wake wa pale kijijini Aldermere walikuwa hivyohivyo. Mama yake alimfundisha kusoma Biblia, na herufi za chapa alizijua barabara, lakini kalamu ilikuwa mambo ya wavulana. Maandishi ya mkono kwake yalikuwa nyayo za kuku tu, hasa ya Ambrose, aliyeandika kama mtu anayefukuzwa. Alichokuwa nacho ni kile alichosikia zamani, Ambrose akimsomea kando ya moto huku yeye akichambua sufu, na mistari mingi ilikuwa imekwisha kumtoka.

"Mume wangu, hayo ni yangu," alimwambia.

"Ndiyo maana."

Kisha akatoa lile alilolificha kwa miaka tisa. Walikuwa wamezika watoto watatu ndani ya wiki mbili, koo zao zimeziba, na tangu hapo Ambrose alikuwa na jibu moja tu kichwani: Mungu ana wivu. Yeye, mtu wa madhabahuni, alimwita mwanamke mbingu yake. Alimwita mkate wa uzima, akaapa kwamba peponi hana haja ya kwenda kwa kuwa amekwisha kufika. Mungu akayasoma hayo, akaja kuchukua watoto. Sasa Ambrose anakwenda kusimama mbele zake, na maneno bado yako mezani, kwa wino.

"Nilikuabudu, Thomasine," alisema. "Nilimnyang'anya Yeye nikakupa wewe. Usiniache niende nayo."

Thomasine alilia. Alibembeleza, kisha akamuuliza kwa ukali ni Mungu gani huyo anayeua watoto kwa ajili ya shairi. Ambrose alikohoa mpaka leso ikajaa damu, na mkewe akasema basi, basi, atayachoma. Alitoka chumbani shingo upande.

Alipoyashika mabunda yote mawili, moja mkono huu na jingine mkono ule, alipandwa na hasira ambayo hakujua kama anayo. Mungu alichukua watoto wake. Alichukua na mume, miaka tisa iliyopita, akamwachia mtu mpole anayekohoa nyuma ya mlango. Sasa anataka na karatasi. Alitafuta karatasi nyingine za kuchoma badala yake, lakini hotuba za kanisani zilikuwa zimeshonwa ndani ya majalada ya ngozi, hazikufaa kumdanganyia mtu. Thomasine alifungua tepe zote mbili akazibadilisha. Kwa ule mwekundu akayafunga mashairi ya Mungu, kwa ule mweusi akayafunga yake.

Alichoma karatasi moja moja, Ambrose akitazama utepe mwekundu uliokuwa magotini pa mkewe. Macho yake hayakuona mbali zaidi ya hapo. Kila karatasi ilipojikunja alivuta pumzi kama anayetuliwa mzigo. Ilipokwisha ya mwisho alimshukuru, akamwita Tamsin, jina la utotoni ambalo hakulitumia tangu msiba, na siku mbili baadaye, saa sita mchana, akakata roho uso umetulia.

Huo utulivu ndio uliomvunja Thomasine. Akiwa anamwosha aliuona, na ndipo alipoelewa alichofanya. Alikuwa amechoma sala za mtu. Miaka tisa ya toba, kila neno ambalo maskini yule alilitafuta ili asamehewe, alilitia motoni kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma kwa Mungu mikono mitupu. Alipiga magoti pale pale sakafuni hadi maji ya kuoshea yakapoa.

Wiki sita baadaye alikuja Crispin Hathersage, mwanasheria wa London, rafiki wa Ambrose tangu chuoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kubwa na machozi ya karibu. Alileta barua ambayo Ambrose alimwandikia kabla ya Krismasi, kwamba akifa mashairi yake ya Mungu yapigwe chapa, wenye shida wapate kuyatumia. Yamefungwa utepe mweusi, barua ilisema.

Bunda lilikuwa juu ya rafu, Thomasine hakuwahi kuliondoa. Crispin aliliona kabla mjane hajafungua kinywa.

Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Thomasine alingoja atukanwe. Alijua wazi yaliyoandikwa mle, shingo yake, nywele zake, kitanda chao, na alijiandaa kusema yote, hata habari ya moto. Badala yake Crispin alitoa leso.

"Shemeji," alisema, "sikujua alikuwa amefika mbali namna hii. Sikiliza." Akasoma kwa sauti:

*Nishike kwa mkono wako wenye kovu,*
*mkono ulioungua ili mimi nile.*

Thomasine hakuwa ameyasikia maneno hayo kwa miaka kumi na zaidi, na yalimrudia yote kwa pamoja. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Ambrose alikuwa ametoka kuzika mtu katika shamba la mbali, amelowa, ana njaa, na koleo la mikate likavunjika mkate ukiwa ndani. Yeye, kwa ujinga wa mapenzi, aliingiza mkono tanurini. Kovu lilipita katika kiganja cha kulia toka ukingo hadi ukingo. Jirani yao Bi Pottle ndiye aliyempaka mafuta ya bata bukini, huku akimsimanga kwamba wanaume hawafi kwa kukosa mkate wa jioni moja.

"Misumari ya msalabani," alisema Crispin huku akijifuta. "Na mkate ndio mwili wake. Lakini kuungua, shemeji! Nani mwingine angethubutu kusema uliungua?"

"Kuna mahali panataja nywele," Thomasine alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeona. Manabii nao walisema hivyo. Mwenye kumpenda Mungu sana huishiwa maneno ya kanisani."

Kilichompotosha Crispin kilikuwa neno moja tu, *wewe*. Toka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho Ambrose hakuandika jina, aliandika wewe, na Crispin alimjua wewe mmoja tu anayestahili kuambiwa hivyo. Thomasine alikuwa na nafasi ya kumwambia. Angesema, na karatasi zingerudi mikononi mwake zikiwa aibu, na London nzima ingejua mchungaji alimwabudu nani na mkewe alichoma nini. Angenyamaza, na maneno yale yale ambayo Ambrose alitetemeka Mungu asije akayasikia yangepigwa chapa kwa jina la Ambrose na kusaliwa nchi nzima. Alitafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikamuuma. Crispin alikuwa tayari ameomba wino, na juu ya karatasi ya kwanza aliandika neno, akamsomea: *Kwa Mwokozi*.

Thomasine aliukunja mkono wa kulia akauingiza chini ya aproni.

Mchungaji mpya alipokuja na familia yake, mjane alihamia kwa Bi Pottle, aliyekuwa amebaki peke yake na kuku zake. Gillian Pottle alikuwa mzee wa miaka sabini, mwenye mdomo mchafu, kanisani akilala na akiamka akiuliza kama kwaresima imekwisha. Lakini alikuwa akiogopa kufa kuliko mtu yeyote pale kijijini, na usiku aliamka akipiga kelele. Alisema wazi kwamba Mungu hamjui, hajawahi kumwona, na ya nini kwenda kukaa milele kwa mtu usiyemjua.

Kitabu kilifika wakati wa mavuno. Kilikuwa kidogo, cha kuingia mfukoni, na kilikuwa cha chapa. Thomasine alikipeleka nyuma ya banda la kuku, akasoma mashairi aliyoandikiwa na mumewe kwa mara ya kwanza katika maisha yake, peke yake, bila kusomewa na mtu. Alilia hadi kuku wakamkimbia. Alikuwemo mle mzima mzima. Hata kicheko chake kilikuwemo. Na juu ya kila ukurasa palikuwa na jina la mwingine. Hata hivyo alikuwa nayo, na kila alipokata tamaa, akijiona ni mwanamke aliyemnyima mumewe sala zake, alilifungua lile la kovu na kujiambia kwamba walau alipendwa, na huu hapa ushahidi.

Kosa lake lilikuwa kumsomea Bi Pottle. Alimsomea kwa sababu mzee aliomba, na kwa sababu alitamani kuyasikia yakitamkwa. Bi Pottle hakujali yale ya mbingu na nyota. Lile la mkono lilimshika. Aliomba arudiwe, kesho yake tena, na kufikia majira ya baridi alilijua kwa moyo. Huyo mwenye kovu anamwelewa, alisema. Mtu aliyeungua kwa ajili ya chakula cha mwenzake, huyo unaweza kumwendea hata kama hamjaonana. Akaacha kuamka akipiga kelele.

Mwezi wa Aprili miguu ilimvimba, na maji yakapanda hadi kifuani. Asubuhi moja ya jua, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka, Bi Pottle alimwambia Thomasine aache kuhangaika na uji, aje akae, asome. Thomasine alisoma. Alipomaliza alikuta mzee amemkazia macho, si usoni bali mkononi, kwenye kiganja kilichoshika kitabu.

"Mama Mchungaji," alisema, "mafuta ya bata nilikupaka mimi."

Thomasine alikifunga kitabu.

"Nimelala hapa tangu juzi nawaza. Mkono uliungua. Ili yeye ale." Alivuta pumzi kwa taabu. "Misumari haiunguzi, mwanangu. Mimi si msomi, ila hilo nalijua."

"Pumzika, Bi Gillian."

"Nitapumzika sana, usiwe na haraka." Alijaribu kucheka, kifua kikakataa. "Niambie ukweli. Kama ni wako sitakasirika. Alikupenda yule mwanamume, mimi niliona, alikuwa akikutazama hadi anajikwaa. Ila nakwenda sasa hivi, na nataka kujua ninayekwenda kumshika mkono ni nani."

Katika dunia nzima alikuwa amebaki mtu mmoja aliyejua, naye ndiye huyu. Thomasine alitaka kusema hadi meno yakamuuma. Alitaka kusikika mara moja tu, na mtu aliyekuwepo, kwamba ni mimi, nilipendwa hivi, mkono ndio huu, utazame. Neno lilifika ulimini. Kisha akaona vidole vya mzee juu ya blanketi, vinafunguka na kufumba, vinatafuta, na ile hofu ya usiku ya zamani imeanza kurudi machoni.

"Si wangu," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Wangu ulikuwa wa mikate tu. Huo ni wake Yeye."

Bi Pottle alimtazama kitambo. Kama aliamini au aliamua tu kuamini, Thomasine hakujua, wala hakujua baadaye. Macho yalilegea.

"Basi nishike wewe," alisema mzee, "mpaka aje."

Ambrose alimwomba ayachome, naye akaahidi, akadanganya. Sasa, kwa kuyakana kwamba ni yake, alikuwa ametii, kitabu kiko kizima magotini na hakuna jivu. Thomasine alikiweka chini. Alimpa Bi Pottle mkono wa kushoto, na ule wa kulia akaukalia mpaka mzee alipokata roho.